Kuuza kinachokuja: Onyesho ni ahadi au ni hadaa?

Mwaka juzi uongozi wa shule ninayofundisha ulinituma kuhudhuria mkutano wa watu wa teknolojia uliofanyika katika hoteli moja hapa jijini Dar es Salaam. Mimi ni mwalimu wa somo la dini, si mtaalamu wa kompyuta. Nilichaguliwa kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba nilipokuwa chuo kikuu nilijifunza kuchapa, na tangu hapo kila kompyuta inayogoma kuwaka pale shuleni huletwa mezani kwangu.

Siku hiyo makampuni kadhaa yalikuja kuonyesha programu zao mpya za biashara: za kutunza hesabu za duka, za kupokea malipo ya simu, za kufuatilia mzigo uliopo stoo. Nyingi zilikuwa bado hazijaanza kuuzwa. Mwenye zamu akipanda jukwaani, taa zinapunguzwa, skrini kubwa inawaka, na kijana aliyevaa vizuri anabonyeza hapa na pale. Anabonyeza mara moja, hesabu za mwezi mzima zinajipanga. Anabonyeza tena, majina ya wadaiwa yanatokea kwa wino mwekundu. Ukumbi unapiga makofi.

Pembeni yangu alikaa mzee mmoja mfanyabiashara wa khanga kutoka Kariakoo. Yeye hakupiga makofi. Ulipofika wakati wa maswali alisimama taratibu akasema, "Kijana wangu, naomba uniandikie hapo: nimemkopesha mtu khanga dazeni kumi na mbili, wiki ya pili karudisha dazeni tatu zina kasoro, na nusu ya deni kalipa kwa simu. Nataka nione deni lake limebaki ngapi."

Kijana alitabasamu. "Mzee wangu, sehemu hiyo inakuja katika toleo lijalo."

"Basi andika jina langu tu, badala ya hilo lililopo."

Na hilo nalo likawa linakuja. Watu wakacheka, si kwa ubaya, na mkutano ukaendelea. Mwishoni tukatangaziwa kwamba atakayelipa arubuni kabla ya kutoka ukumbini atapunguziwa bei hadi nusu. Mzee akachukua kofia yake akaniambia, "Ustadhi, mimi nikikiona nitalipa." Akaondoka. Mimi nikatoka nje nikampigia simu mwenyekiti wa bodi yetu, nikamwambia tusichelewe, programu nimeiona kwa macho yangu na inafanya kazi. Shule ikalipa.

Ndugu msomaji, kisa hiki kina mwisho wake, nami nitaurejea. Kwanza nataka tulitazame swali ambalo limenisumbua tangu siku ile. Je, kumwonyesha mtu kitu ambacho bado hakipo, kana kwamba kipo, ni ahadi au ni hadaa? Na kama ni hadaa, inaanzia wapi?

Si jambo la jana

Tusidhani kwamba haya ni ya vijana wa hapa kwetu tu. Biashara ya programu za kompyuta ilizaliwa nayo. Mwaka 1982, katika maonyesho makubwa ya kompyuta yaliyokuwa yakifanyika Las Vegas nchini Marekani yakiitwa COMDEX, kampuni ya VisiCorp ilionyesha programu yake iliyoitwa Visi On. Bill Gates wa Microsoft alikuwa miongoni mwa walioitazama. Mwezi Novemba mwaka uliofuata, naye akatangaza mbele ya waandishi wa habari kwamba kampuni yake inaleta kitu cha namna hiyo, kwa jina la Windows. Watu walitarajia kuipata ndani ya miezi michache. Iliuzwa kwa mara ya kwanza Novemba 1985, yaani miaka 2 baada ya kutangazwa.

Windows angalau ilikuja. Katika miaka hiyo hiyo ilikuwepo programu ya kazi za ofisi iliyoitwa Ovation, ambayo ilionyeshwa kwa watu na kusifiwa sana, lakini haikuwahi kuuzwa hata nakala moja, na kampuni yake ikafa. Wamarekani wakalazimika kutafuta jina la bidhaa za aina hii, wakaziita za mvuke: unauona ukifuka, ukinyoosha mkono hushiki kitu.

Wala hatuzungumzii historia tu. Desemba 2023 kampuni ya Google ilitoa video ya kuonyesha uwezo wa programu yake ya Gemini. Katika video ile mtu anachora, anaonyesha vitu kwa mikono, na mashine inamjibu papo hapo kwa sauti kama vile inamtazama. Haukupita muda ikabainika, na kampuni yenyewe ikakiri, kwamba mashine haikuwa ikifuatilia video. Ilikuwa imepewa picha za mnato na maswali ya maandishi, kisha mambo yakaunganishwa na muda ukafupishwa. Programu ilikuwepo. Kilichokuwa hakipo ni kile ambacho macho ya watu yalidhani yanakiona.

Mbuzi aliyefungwa kiwele

Sisi Waislamu tuna bahati kwamba swali hili tulifundishwa namna ya kulijibu kabla ya kompyuta, kabla ya umeme, tena kwa mfano wa mbuzi na ngamia.

Zamani kule Arabuni alikuwepo mfanyabiashara mjanja. Akitaka kumuuza mbuzi au ngamia wa maziwa, alikuwa akikifunga kiwele na kumwacha mnyama siku kadhaa bila kukamuliwa. Akimpeleka sokoni, mnunuzi anakuta kiwele kimejaa mpaka kinang'aa, anasema huyu ndiye mnyama wa maziwa, analipa. Akimkamua siku ya kwanza anapata ndoo. Siku ya pili anapata kikombe.

Mtume (s.a.w) alikataza jambo hili. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Hurayra na kuthibiti katika Bukhari na Muslim, aliyenunua mnyama wa aina hiyo amepewa khiyari baada ya kumkamua: akiridhika naye atabaki naye, na asiporidhika atamrudisha pamoja na pishi moja ya tende kwa ajili ya maziwa aliyoyakamua. Katika baadhi ya mapokezi khiyari hiyo imewekewa muda wa siku 3. Wanazuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Shafi iliyoenea katika mwambao wetu huu, wameifanyia kazi.

Hebu tuitazame hadithi hii kwa utulivu. Muuzaji yule alisema uongo gani? Hakusema neno. Mnyama ni wa kweli, kiwele ni cha kweli, na maziwa yaliyomo ndani ni maziwa ya kweli. Ukimpeleka mahakamani atakuuliza, nimesema nini mimi? Na hakika hakusema. Lakini alikipanga kile ambacho jicho litakiona, ili akili ya mnunuzi imalizie uongo yenyewe. Huku ndiko kudanganya bila ya ulimi, na sheria haikukuruhusu kupita bila kuulizwa.

Kuna na kisa kingine ambacho kila mwanafunzi wa madrasa anakijua. Mtume (s.a.w) alipita sokoni kwa muuza nafaka, akaingiza mkono wake ndani ya lundo, vidole vikatoka na unyevu. Muuzaji akaeleza kwamba ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu, watu wakaiona. Hakulaumiwa kwa sababu mvua imenyesha, kwani mvua si kosa la mtu. Alilaumiwa kwa mpangilio wa lundo. Nami nikikumbuka ule ukumbi wa hoteli naona kwamba mzee wa Kariakoo, alipoomba kuandikiwa dazeni zake kumi na mbili, alikuwa anafanya jambo lile lile: anaingiza mkono ndani ya lundo.

Je, kosa ni kuuza kisichokuwepo?

Hapa baadhi yetu tunaweza kukimbilia hukumu nyepesi na kusema: Mtume (s.a.w) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho, basi maonyesho yote haya ni haramu na mjadala umekwisha. Haraka hiyo haitufai. Alipofika Madina aliwakuta watu wanalipana pesa leo kwa tende za mwaka ujao, hata za miaka miwili. Hakuwakataza. Aliwawekea masharti kwamba kipimo kijulikane, uzito ujulikane na muda ujulikane. Hii ndiyo biashara ya salam, nayo ni halali. Wanazuoni wa Kihanafi wakaongeza kuruhusu istisnai, yaani kumwagiza fundi akutengenezee kitu ambacho bado hakipo, kama vile viatu au kitanda. Kila anayemlipa seremala wa Keko nusu ya bei ya kabati ameifanya biashara ya aina hiyo.

Kumbe kutokuwepo kwa kitu peke yake si kosa. Anayenunua tende za msimu ujao anajua fika kwamba mtende bado hata haujatoa maua. Masikio yake yameambiwa ukweli, na macho yake hayakuonyeshwa kinyume chake. Anaingia katika biashara akiujua upofu wake, ndiyo maana sharia ikampa fimbo tatu za kutembelea: kipimo, uzito na muda.

Mnunuzi wa pale hotelini hakuwa na hata fimbo moja. Hakuambiwa ni nini hasa atapata, hakuambiwa ni lini, na zaidi ya yote hakuambiwa kwamba yeye ni kipofu. Aliwashiwa skrini akaambiwa tazama.

Hoja ya upande wa pili

Uadilifu unatutaka tuwasikilize na wenzetu. Watengenezaji wa programu wana hoja, tena si dhaifu. Wanasema kwamba kazi yao haifanani na ya muuza nafaka. Programu haiwezi kukamilika chumbani. Lazima ionyeshwe ingali mbichi, wateja waseme hiki tunakitaka na hiki hatukitaki, ndipo ikamilike. Wanasema pia kwamba asiyeonyesha mapema atapitwa na mwenzake, na hatapata mtaji.

Wana mfano mzuri pia. Tarehe 9 Januari 2007, Steve Jobs wa kampuni ya Apple alisimama San Francisco akaionyesha dunia simu ya iPhone. Wahandisi wake walikuja kueleza miaka ya baadaye kwamba simu zilizotumika siku ile zilikuwa na kasoro nyingi, na kwamba ilibidi afuate mpangilio maalumu wa kubonyeza, kwa maana akiupindua zinaweza kuzima mbele ya watu. Lakini mwishoni mwa Juni mwaka ule ule simu ziliingia madukani, na zilifanya yale yaliyoonyeshwa. Sasa nani alidanganywa?

Nimelifikiria swali hili kwa muda mrefu. Jibu langu la kwanza ni kwamba matokeo mazuri hayasafishi njia. Mtu akiapa kwamba mvua itanyesha kesho na ikanyesha, hajawa mkweli kwa kuapa juu ya asichokijua, amepata bahati. Ovation na Windows zote zilionyeshwa kabla hazijakamilika, na tofauti yao ilijulikana baadaye, baada ya watu kuwa wameshaamini.

Jibu la pili ndilo zito zaidi. Siku ile ya Januari hakuna aliyeambiwa alipe kabla ya kutoka ukumbini. Aliyenunua mwezi Juni aliweza kuingia dukani, akaishika simu mkononi, akaigeuza, akaondoka nayo au akaiacha. Mbuzi alikamuliwa mbele yake. Siwezi kusema kwamba onyesho lile lilikuwa safi, lakini hasara ya kushindwa ingemwangukia mwenye kuonyesha: jina lake na mtaji wake. Ubaya unazidi pale anayeonyesha anapochukua pesa ya anayetazama, ili hatari yake yeye ibebwe na mwingine ambaye hajui kama ameibeba.

Kijana yule wa jukwaani sidhani kama alikuwa mwongo wa makusudi. Naamini kabisa alidhani toleo lijalo litakuja. Lakini imani yake aliilipisha kwa pesa zetu.

Programu si maziwa

Kuna sababu nyingine ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Mbuzi asiye na maziwa atakutia hasara ya mbuzi. Programu ya hesabu ni zaidi ya hapo. Ukishaiweka inageuka kuwa karani wako na shahidi wako. Ikisema fulani anadaiwa, fulani anadaiwa. Na sote tunajua namna Qur'an, katika aya ndefu kuliko zote, ile ya 282 ya Suratul Baqara, ilivyotaka madeni yaandikwe na mwandishi mwadilifu, na ilivyosisitiza mashahidi.

Waingereza wamelijua hili kwa machungu. Mwaka 1999 shirika lao la posta lilianza kuweka katika vituo vyake mfumo wa kompyuta wa mahesabu ulioitwa Horizon. Mfumo ulikuwa na kasoro, ukawa unaonyesha upungufu wa fedha ambazo hazikupotea. Wasimamizi wa vituo wakipiga simu kulalamika, wengi waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Hadi kufikia mwaka 2015 watu zaidi ya 900 walikuwa wametiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu kwa kutegemea hesabu za mfumo ule. Wapo waliofungwa, wapo waliofilisika, wapo waliojitoa uhai. Ni mwaka 2019 ndipo Mahakama Kuu ilipothibitisha kasoro za mfumo, na mwaka 2024 Bunge likalazimika kutunga sheria ya kufuta hukumu kwa mamia kwa mpigo.

Sisemi kwamba kila programu itafika huko. Ninasema kwamba anayeficha unyevu wa lundo hajui utakuja kumwozea nani.

Na mimi je?

Sasa nirejee kwenye kisa chetu. Programu tuliyoilipia ilichelewa kwa miezi mingi. Ilipofika haikuwa na kile tulichokifuata. Wazazi wetu wengi ni wachuuzi, madereva na mama ntilie, nao hulipa ada kidogo kidogo, leo elfu kumi, wiki ijayo elfu ishirini. Programu ile ilimjua mzazi wa aina mbili tu: aliyelipa na asiyelipa. Ikaanza kutoa orodha ya wadaiwa yenye majina ya watu waliokuwa wamebakiza elfu tano. Mama mmoja mtoto wake alirudishwa nyumbani asubuhi ya mtihani kwa sababu ya orodha hiyo.

Mhasibu wetu alinifuata ofisini na daftari lake la zamani mkononi. Akaniuliza swali moja tu: "Ustadhi, si ulisema uliiona?"

Nilikosa jibu. Na bodi ilipokutana kuuliza kwa nini pesa za wazazi zimepotea, nilikaa kimya, nikaiacha lawama iende yote kwa kampuni. Kampuni ililaumika kwa haki, lakini neno "inafanya kazi" lilitoka kinywani mwangu. Mimi niliona jina moja likibonyezwa, nikatoa ushahidi wa hesabu nzima.

Baada ya hapo ikaja siku ya wazazi. Kila mwaka siku hiyo huwa nawatoa watoto wanne mbele ya wageni. Wanasoma Qur'an kwa tajwidi inayoliza watu, wanajibu maswali ya fiqhi bila kusita. Wazazi wapya wanatazama, wanafuta machozi, wanakwenda kuchukua fomu. Mwaka ule nilipokuwa nawapanga watoto wale mstari wa mbele, mkono wangu ulikuwa mzito. Watoto ni wa kweli na kisomo chao ni cha kweli. Lakini nilijua, na mzazi hakujua, kwamba darasa lina watoto arobaini na sita, na kwamba wale wanne walikuwa wanakisoma kipande kile kile kwa wiki tano. Nilikuwa nimefunga kiwele.

Nilikwenda kwenye kikao kilichofuata nikaieleza bodi sehemu yangu katika suala la programu. Nilikemewa, na nilistahiki. Na siku ya wazazi iliyofuata, baada ya wale wanne kusoma, nilimwambia mzazi yeyote anyanyue mkono achague mtoto yeyote kutoka viti vya nyuma. Baba mmoja akamchagua kijana ambaye nisingemchagua kamwe. Alisoma, akakwama mara mbili, akasaidiwa, akamaliza. Fomu zilizochukuliwa siku hiyo zilikuwa chache kuliko mwaka wa nyuma, na mkuu wa shule hakufurahi.

Basi wewe msomaji, uwe mwenye duka, msimamizi wa msikiti au mjumbe wa bodi, ukikaribishwa kutazama kinachokuja, usione haya kuuliza mambo matatu. Kipi kipo leo na kipi bado? Kisipokuja, hasara ni ya nani? Na nikishakikamua, nina siku ngapi za kukirudisha? Majibu yaandikwe. Mwenye bidhaa ya kweli hatakasirika, na mwenye kukasirika amekwishakujibu.

Na wewe unayeonyesha, iwe ni programu, shule, nyumba ya kupanga au posa ya mwanao, iweke nafaka iliyolowa juu. Atakayenunua atakuwa amenunua, na atakayeondoka atakuwa ameondoka na pesa yake.

Wallahu a'alam.